Ustadi wa Kungoja

Watoto waliokulia kwenye vibanda vya video, kuanzia Goma hadi Mombasa, wanaijua sheria moja ya sinema kabla hawajajua kusoma: steringi hafi. Polisi akizingirwa na majambazi ndani ya ghala, risasi zitampita pembeni, gari litalipuka nyuma yake, na mwishowe atatoka akijipangusa vumbi. Akifa askari, huwa ni yule rafiki yake, na kifo chenyewe hakichukui dakika mbili. Anatamka neno la mwisho, macho yanafumba, steringi anapata hasira ya kumalizia kazi, na filamu inaendelea. Marehemu hana mjane, hana deni dukani, hana zamu ambayo kesho yake itabidi mtu mwingine aishike.

Filamu ya hali halisi ya Virunga, iliyoongozwa na Mwingereza Orlando von Einsiedel na kutolewa mwaka 2014, inaivunja sheria hiyo tangu mwanzo. Inaanza na mazishi ya askari wa mbuga. Hatukumwona akiwa hai na hatukuona alivyouawa. Tunachoona ni wenzake wenye sare wakimsindikiza, jamaa zake wakilia, jeneza likishuka na udongo ukirudishwa mahali pake. Kwa mtu wa Goma hii si sura ngeni, tumezika sana. Kigeni ni kuiona sinema ya kimataifa ikikaa kaburini kwanza, kabla haijatafuta bunduki.

Nimeirudia filamu hii kila nilipopata nafasi, na kila nikiirudia naona wazi zaidi ustadi wake ulipo. Walioitengeneza waliisoma kazi ya askari wa mbuga mpaka mwendo wa kazi hiyo ukawa mwendo wa filamu yao. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kungoja: kungoja jangili apite, kungoja gari la doria lirudi, kungoja jeshi la waasi liamue kama litapanda kilima au halitapanda. Makabiliano tunayoonyeshwa humu ni ya watu waliokaa mahali pao wakakataa kuondoka.

Mahali penyewe panajulikana. Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru unapita Kanyaruchinya, Kibati, Kibumba na Rugari, volkano zikiwa kulia na kushoto, halafu baada ya kilomita zipatazo 45 unafika Rumangabo, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Hifadhi hii iliundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, na ndiyo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote barani Afrika. Ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 7,800, kuanzia misitu ya sokwe wa milimani hadi barafu za Ruwenzori, na katikati yake liko Ziwa Edward. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Askari wake ni watumishi wa taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN. Wana sheria ya kusimamia, wanakamata na wanapeleka watu mbele ya mahakama, na wanaifanya kazi hiyo katika eneo ambalo makundi yenye silaha yamekuwa yakiishi na kufanya biashara kwa miaka 30. Filamu ilipotoka, waliokuwa wameuawa kazini walikuwa zaidi ya 130. Leo wamepita 200.

Von Einsiedel hakuja Kivu kutafuta vita. Alikuja mwaka 2012 akikusudia kusimulia habari njema: hifadhi iliyokuwa ikifufuka, watalii waliokuwa wakirudi, umeme na ajira zilizokuwa zikipangwa. Muda mfupi baadaye waasi wa M23 wakaanza vita. Mwongozaji mwingine angeitupa filamu ya kwanza na kushika ya pili. Yeye aliibakiza ile ya kwanza ndani ya ile ya pili, na hapo ndipo nguvu ya kazi yake ilipozaliwa. Kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuwapiga picha watu hawa wakifanya kazi ya kawaida, vita ilipofika tulikuwa tunajua ni kitu gani kinachovunjwa.

Mtazame André Bauma. Ni mlezi wa sokwe yatima katika kituo cha Senkwekwe, palepale Rumangabo, mahali pekee duniani panapolelewa sokwe wa milimani waliofiwa. Wakati ule walikuwa wanne: Ndakasi, Ndeze, Maisha na Kaboko. Ndakasi na Ndeze waliokotwa mwaka 2007, wakati sokwe walipouawa kwa risasi ndani ya hifadhi. Ndakasi alikuwa na umri wa miezi miwili, amening'inia kwenye mwili wa mama yake. Filamu inamwacha Bauma afanye kazi yake mbele yetu bila kuharakishwa. Analisha, anabeba, anacheza, anamsafisha mmoja huku mwingine amempanda mgongoni. Kamera imeshuka chini, iko usawa wa mabega ya sokwe, na inakaa muda wa kutosha kwa mtazamaji kuanza kuwatofautisha kwa tabia: huyu mwoga, huyu mchokozi, huyu hataki kuachwa peke yake.

Kwa mtu asiye na subira sehemu hizi zaweza kuonekana kama pumziko kati ya habari mbili kubwa. Lakini zina kazi. Mabomu yanapoanza kusikika karibu na Rumangabo, filamu haihitaji kutuonyesha yanakoangukia. Inatuonyesha sokwe wakishtuka. Mlio unatoka nje ya picha, kutoka upande tusiouona, na ndani ya picha kuna viumbe ambao tumeshajifunza kuwasoma. Hofu yao tunaielewa moja kwa moja, bila maelezo. Bauma anabaki nao. Tunajua ana familia, tunajua barabara ya Goma imejaa watu wenye magodoro kichwani, na tunajua hakuna aliyemlazimisha kubaki. Saa ile askari huyu hakamati mtu wala halengi mtu. Amekaa na wale aliokabidhiwa.

Kuuacha mlio nje ya picha ni uamuzi wa wahariri na wachanganya sauti kama ulivyo uamuzi wa mpiga picha. Mhariri wa filamu, Masahiro Hirakubo, ndiye aliyehariri Trainspotting ya Danny Boyle, filamu inayosifika kwa kasi yake. Anajua kukimbiza picha. Katika Virunga anaonyesha kwamba anajua pia wakati wa kuondoa mkono. Mlio wa bomu ukikatwa kwenda kwenye moto wa bomu, mtazamaji anapata onyesho. Ukiachwa bila picha yake, naye anaanza kusikiliza anavyosikiliza mtu aliye Rumangabo: umbali gani, upande gani, umesogea au haujasogea. Sisi tuliolala Goma mwezi Novemba 2012 tunaujua usikivu huo. M23 waliuchukua mji tarehe 20 Novemba, na kwa siku kadhaa kabla yake kila nyumba ilikuwa inapima vita kwa masikio.

Sinema ya kubuni iliwahi kuujua ustadi huu. Mwaka 1952 Fred Zinnemann alitengeneza High Noon, hadithi ya ofisa wa usalama wa mji mdogo huko Marekani anayengoja treni ya saa sita mchana, ambayo itamleta mtu aliyeapa kumuua. Filamu ina urefu wa dakika 85, na muda wa hadithi unakaribia kulingana na muda wa mtazamaji. Karibu yote ni kungoja: saa ukutani, reli tupu, mlango mmoja baada ya mwingine ambao ofisa anabisha akiomba msaada na kukataliwa. Risasi zimebanwa mwishoni. Zinnemann alielewa kwamba mtu anayengoja ana nafasi ya kuondoka kila dakika, na kila dakika asipoondoka anakuwa ameamua upya. Ushujaa wake unaonekana hapo, kabla bunduki haijatoka.

Rumangabo ya mwaka 2012 ina saa yake pia, ila haina ukuta wa kuitundika. Mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, Mbelgiji aliyepewa wadhifa huo mwaka 2008, anakusanya askari na kuwaeleza hali ilivyo. Anasema kwa sauti ya chini, bila hotuba. Mtu akifikiria jinsi eneo kama hili linavyotengenezwa katika filamu za kivita, na muziki wake na mkono uliokunjwa ngumi, ataona ni kiasi gani kimeachwa nje. Nyuso za askari wakimsikiliza zinapewa muda mrefu kuliko maneno yake. Wengine wanatazama chini. Tofauti kubwa na High Noon iko hapo: yule ofisa wa Marekani aliachwa peke yake, na hawa wamesimama pamoja. Hakuna steringi katika ua ule. Kuna kikosi, na kila mmoja anafanya hesabu yake kimya kimya, ya watoto, ya mshahara, ya mwenzake aliyezikwa mwanzoni mwa filamu.

Yale mazishi ya mwanzo yanafanya kazi yake bila kuonekana tena. Kwa kuwa tulianza kaburini, kila askari tunayemwona akiwa hai tunamwona kama mtu anayeweza kuzikwa. Hatuhitaji kuonyeshwa bunduki iliyoelekezwa kifuani ili tujue gharama. Mwongozaji aliilipa gharama hiyo mapema, kisha akawa huru kuutumia muda uliobaki kuonyesha kazi.

Makabiliano ya pili ndani ya filamu hayana mabomu, na kwangu mimi ndiyo yenye ufundi mgumu zaidi. Kampuni ya mafuta ya Uingereza, SOCO International, ilikuwa imepewa na serikali kitalu cha utafutaji wa mafuta, Kitalu V, kinachoingia ndani ya hifadhi na kugusa Ziwa Edward. Aliyesimama njiani alikuwa Rodrigue Mugaruka Katembo, mkuu wa sekta ya kati. Utotoni Katembo alilazimishwa kubeba bunduki jeshini. Sasa alikuwa ofisa wa hifadhi mwenye kitabu cha sheria mkononi, na sheria ilikuwa inakataza uchimbaji wa aina hiyo ndani ya hifadhi. Watu walimwendea na ahadi za fedha. Hakuwapigia kelele wala hakuwafukuza. Alivaa kamera ndogo ya siri, akakaa, akasikiliza, akawaacha waseme.

Picha zilizotoka humo ni mbaya kwa kipimo chochote cha upigaji picha. Zimeelemea upande, nyuso zinaingia na kutoka, mwanga hautoshi, maneno mengine hayasikiki vizuri. Katika filamu hiyohiyo kuna picha za angani za volkano na za tembo kwenye majani marefu ambazo zingependeza kwenye ukuta wa hoteli yoyote. Mtengenezaji mwenye kiburi cha urembo angezifupisha zile za siri, angezifunika kwa muziki au kwa sauti ya msimulizi. Hapa zimeachwa na ubovu wake. Mtu anaongea, anasita, anarudia, anataja fedha, anazunguka, anarudi palepale. Mwandishi wa habari Mfaransa Mélanie Gouby anafanya vivyo hivyo mezani hapa Goma, akiwa na kamera yake ya siri, akiwasikiliza watu waliofanya kazi kwa ajili ya kampuni wakieleza wanavyoiona nchi hii na watu wake. Hasemi mengi. Anauliza kidogo na kuwapa nafasi.

Nilipoitazama sehemu hii kwa makini ndipo nilipoona kwamba kazi mbili zilikuwa zimekutana. Anachofanya Katembo ni upelelezi: kukusanya ushahidi, kuulinda usiharibiwe, kutomshtua mshukiwa, kutokimbilia kumkamata kabla jalada halijakamilika. Na anachofanya mhariri ni kile kile. Hamhukumu mtu kwa kumkatia sentensi. Anaiacha sentensi iishe. Ofisa wa polisi aliyefundishwa vizuri na mtengenezaji wa filamu za hali halisi aliyefundishwa vizuri wana adabu moja, ya kumwacha mwenye maneno ayamalize maneno yake. SOCO ilikana tuhuma zilizotolewa. Mwezi Juni 2014 ikafikia makubaliano na shirika la WWF ya kusitisha shughuli zake ndani ya Virunga, na baadaye ikaachana na kitalu hicho.

Filamu haikuficha kilichowapata waliongoja. Septemba 2013, baada ya kujaribu kuzuia ujenzi uliokuwa ukifanywa kwa ajili ya kampuni ndani ya hifadhi, Katembo alikamatwa na kuzuiliwa kwa siku 17, akateswa. Alipotoka alirudi kazini. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na wakati huo alikuwa ameshahamishiwa Hifadhi ya Upemba, Katanga, kuwa mkuu wake. De Merode alipigwa risasi tarehe 15 Aprili 2014 akirudi Rumangabo kutoka Goma kwa gari. Akapona. Siku mbili baadaye filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York, katika tamasha la Tribeca. Novemba mwaka huo ikaingia Netflix, na mwaka 2015 ikawa miongoni mwa filamu tano zilizowania Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi.

Kuipenda kazi hakumzuii mtu kuona ilipopungua. Baada ya mazishi filamu inapitia historia ya Kongo kwa haraka, kuanzia ukoloni hadi vita vya karibuni, na kasi hiyo inamezwa vizuri na mtazamaji wa mbali kuliko mtu ambaye babu yake yumo ndani ya miaka ile. Upungufu mkubwa zaidi uko kwa majirani. Watu zaidi ya milioni 4 wanaishi mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka mipaka ya Virunga. Wanahitaji mashamba, samaki wa Ziwa Edward, na makaa ya kupikia, makaa ambayo chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, zinayashusha Goma kila siku. Mwanamke anayenunua gunia la makaa hayo hana ugomvi na sokwe. Filamu inawaona majirani hawa zaidi kama umati unaokimbia kuliko kama watu wanaobishana na askari juu ya mpaka. Askari wa mbuga anakabiliana nao mara nyingi kuliko anavyokabiliana na kampuni ya mafuta, na makabiliano hayo bado yanamngoja mwongozaji wake.

Mwongozaji huyo anaweza kutoka hapa nchini. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, ameshaonyesha njia kwa filamu yake ya 2017, Maman Colonelle. Anamfuata Kanali Honorine Munyole wa Polisi ya Taifa, kiongozi wa kikosi kinacholinda watoto na kupambana na ukatili wa kijinsia, anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Hamadi anashika kamera mwenyewe na hatumii msimulizi. Tunamwona Mama Kanali katika sare yake ya bluu na kofia yake akipokea wanawake waliobaki na majeraha ya Vita ya Siku Sita, mapigano ya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya Kisangani. Miaka mingi imepita na hakuna aliyekuwa amewasikiliza. Yeye anasikiliza. Tunamwona pia akiwatoa watoto mikononi mwa watu waliowatesa kwa kuwaita wachawi. Hamadi anamngoja kila mtu amalize. Kwa kipimo cha vibanda vya video hakuna makabiliano humo ndani hata kidogo. Kwa kipimo cha kazi ya polisi ilivyo kweli, kila eneo la filamu hiyo ni makabiliano.

Kisha kuna Kanali Mamadou Ndala. Hakuwa polisi wala askari wa mbuga. Alikuwa mwanajeshi wa FARDC, jeshi la taifa, lakini Goma haiwezi kuzungumza juu ya maofisa waliofia kazini bila kumtaja. Julai 2013, uvumi ulipoenea kwamba ameitwa Kinshasa, watu wa mji huu waliingia barabarani kudai aachwe. Oktoba na Novemba mwaka huo vikosi alivyokuwa navyo viliwaondoa M23 Kibumba, Rutshuru, Bunagana na mwishowe kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi. Tarehe 2 Januari 2014 aliuawa katika shambulio la kuvizia karibu na Beni, na mwishoni mwa mwaka mahakama ya kijeshi ikamhukumu ofisa wa jeshi hilohilo kwa kuhusika. Mmarekani Daniel McCabe alikuwa amempiga picha kwa muda mrefu kabla ya hapo, na filamu yake, This Is Congo, ilionyeshwa Venice mwaka 2017.

Mtazamaji wa Goma anaiingia filamu hiyo akiwa anajua mwisho. McCabe anaitumia hali hiyo kwa uangalifu. Anatupa Ndala mwenye mwili na sauti: anatembea mbele ya askari wake, anatania, anapiga simu, anaangalia ramani, anangoja amri ambayo haiji. Tunapata muda wa kuzoea namna anavyosimama. Kwa hiyo habari ya kifo chake inapofika, tunachokosa ni mtu tuliyemzoea akifanya kazi, na sanamu ya shujaa inabaki kwa wanaoitaka. Ni njia ileile ya Virunga iliyogeuzwa: kule kaburi lilitangulia kazi, huku kazi imetangulia kaburi. Katika zote mbili kifo chenyewe kimepewa nafasi ndogo na maisha ya kazi yamepewa nafasi kubwa.

Nadhani ndiyo sababu von Einsiedel na mtayarishaji wake, Joanna Natasegara, walipoenda kwa waokoaji wa Syria baadaye hawakubadilisha mwendo. Filamu yao fupi, The White Helmets, iliyopata Oscar mwaka 2017, inawafuata watu wanaokimbilia kwenye jengo lililopigwa bomu wakati wengine wanalikimbia. Mwezi mmoja wa mafunzo nchini Uturuki umepewa uzito sawa na vifusi vya Aleppo, na wakati wanajifunza, wanashika simu wakingoja kusikia kama nyumbani wapo hai. Huko nako kungoja ndiko kunakobeba filamu.

Kwetu hapa kazi haijaisha, kwa kuwa vifo havijaisha. Aprili 2018 askari watano wa Virunga na dereva wao waliuawa kwa siku moja. Mwezi uliofuata askari mwanamke mwenye umri wa miaka 25 aliuawa akiwalinda watalii wawili. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, askari walikuta gari la raia likishambuliwa wakasimama kusaidia. Askari 12 waliuawa, pamoja na dereva na raia wanne. Januari 2021 waliuawa wengine sita katika sekta ya kati, ileile aliyowahi kuisimamia Katembo. Ndakasi alikufa Septemba 2021 baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa mikononi mwa Bauma, aliyekuwa amemlea kwa miaka 14. Januari 2025 M23 waliuchukua tena mji wa Goma, na hifadhi ikatimiza miaka 100 mwezi Aprili eneo la Rumangabo likiwa mikononi mwao.

Kila moja ya siku hizo ilipita kwenye simu zetu kwa namba na kwa picha za miili. Picha hizo zina sifa zote za filamu za vibanda vya video: ni za haraka, zinatia hasira, na kesho yake zinafunikwa na nyingine. Wale askari 12 wa Aprili 2020 walikufa kwa sababu walisimamisha gari kusaidia watu wasiowajua. Namba haiwezi kueleza hilo. Linaelezwa na miaka yao ya doria, na namna walivyofunzwa, na mtu aliyekuwa akiwapikia, na kituo walichokuwa wakirudi.

Goma ina vijana wanaojua kamera. Kituo cha sanaa cha Yole!Africa kimekuwa kikiwafundisha kwa zaidi ya miaka 20 na kuandaa tamasha la filamu, na wengi wao wanajua barabara ya Rutshuru kuliko mgeni yeyote. Ningewaomba waichukue Virunga kama kitabu cha fundi na kuisoma eneo kwa eneo: waone kamera imewekwa wapi, imengoja kwa muda gani, mlio gani umeachwa bila picha, sentensi gani ya mshukiwa imeachwa iishe. Kisha waende vituoni na majumbani sasa, wakati watu wangali hai, wapige picha za zamu ya kawaida: buti zinazokaushwa, redio inayoitika, mabishano na mvuvi asiye na kibali, mtoto anayemvua baba yake kofia mlangoni. Wasimame pia upande wa mvuvi, wamsikilize naye mpaka amalize. Mazishi yatakapokuja, na kwa hali yetu yatakuja, watakuwa na cha kutuonyesha zaidi ya jeneza, na familia ya marehemu itakuwa na filamu ambayo ndani yake mtu wao anafanya kazi aliyoichagua.